Wenzangu hosteli wanauponda uhasibu: niendelee au nihame?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, shahada ya uhasibu, chuo kimoja hapa Dodoma. Kidato cha sita nilisoma ECA, na kusema kweli kozi hii alinichagulia mjomba, yeye ndiye aliyekaa na simu kujaza maombi. Mwaka wa kwanza nilipata sapu ya somo la uhasibu, nikairudia nikafaulu. Hosteli kila jioni ni ubishi. Kuna wanaosema kompyuta itawamaliza wahasibu, kuna wanaosema bila CPA (cheti cha bodi ya wahasibu) digrii ni karatasi tu na hiyo CPA yenyewe haifauliki, na wapo wanaosema mhasibu ni mwizi mwenye kalamu. Wachache wanatetea, lakini wanatetea kwa sababu ya mshahara. Je, mtazamo wa wanafunzi wenzangu una uzito wowote? Niendelee au nihamie kozi nyingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kufika kwenye kuhama, kuna kitu nimekiona kwenye barua yako. Umenipa hoja za hosteli nzima, za wanaoponda na za wanaotetea, na hakuna hata moja inayogusa kazi yenyewe. Ni ajira, mtihani, wizi na kompyuta. Hakuna aliyesema mhasibu akifika ofisini asubuhi anafanya nini, wala kwa nini kuna watu wako tayari kumlipa. Kwa hiyo ndiyo, maneno ya wenzako yana uzito, lakini yanachopima ni hofu ya kijana anayemaliza chuo bila kujua kesho yake. Kuhusu uhasibu yanakwambia kidogo sana.

Wanaotafiti kwa nini wanafunzi huchagua uhasibu au huukimbia hupenda kutumia nadharia ya mwanasaikolojia Icek Ajzen, aliyoifafanua kwa kirefu mwaka 1991. Anasema nia ya mtu kufanya jambo hujengwa na vitu vitatu: yeye mwenyewe analionaje jambo hilo, watu wake wa karibu anadhani wanataka afanye nini, na anajiona analiweza kiasi gani. Jipime hapo. La pili kwako limejaa hadi pomoni: mjomba upande huu, hosteli upande ule. La tatu limejeruhiwa na ile sapu. La kwanza, yaani wewe mwenyewe unauonaje uhasibu, halina kitu, kwa sababu bado hujauona. Umeona kitabu cha mazoezi.

Na hapo sikulaumu wewe, nawalaumu kidogo walimu wenzangu. Somo la kwanza la uhasibu chuoni ndipo mapenzi ya wengi yanapofia. Debiti kushoto, krediti kulia, leja zimechorwa kwa rula, mwisho urari, yaani orodha ya kuhakikisha jumla za pande mbili zinalingana. Urari ukigoma kubalansi kwa shilingi 4,500, mwanafunzi anamaliza nusu ya muda wa mtihani akizisaka, akizikosa anazitupia kwenye akaunti ya sasipensi, ile ya kuwekea tofauti isiyojulikana, na kutoka akiwa amechukia maisha. (4,500 inagawanyika kwa 9. Mzoefu angeshuku mara moja kwamba kuna tarakimu mbili zimepishana, mfano 7,200 imeandikwa 2,700. Haya hayafundishwi vya kutosha, na ndiyo yenye utamu.) Utaratibu wenyewe ni wa zamani mno, Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494 akieleza walichokuwa wakifanya wafanyabiashara wa huko. Kuujua ni lazima. Tatizo ni kwamba zoezi la darasani linakupa taarifa zote na lina jibu moja nyuma ya kitabu. Kazini taarifa hupewi, unazitafuta, na majibu mara nyingi ni mawili au matatu, kila moja lina mtu anayelitaka kwa sababu zake.

Hili si la kwetu tu. Mwaka 2000 maprofesa wawili wa Marekani, Steve Albrecht na Robert Sack, walitoa ripoti iliyowakera wengi: wahasibu waliokuwa kazini, na hata walimu wa uhasibu, wengi wao walisema kama wangerudi chuoni wasingesoma uhasibu tena. Sehemu kubwa ya lawama ripoti iliipeleka kwenye namna ya kufundisha, kukaririsha kanuni badala ya kumzoesha mwanafunzi kuamua. Ukisoma tafiti za nchi za Magharibi utakuta mhasibu anaonekana mtu mkimya, mpole, asiye na la kusimulia. Huku kwetu picha ni tofauti: ni mtu aliye karibu na fedha. Wazazi wanaipenda picha hiyo, hosteli inaitilia shaka, lakini wote wanatazama kutoka nje ya dirisha.

Ngoja nikuingize ndani. Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka amenunua mifuko 400 ya saruji kwa shilingi 15,000 kila mmoja, taslimu, jumla milioni 6. Mwezi umeisha, ameuza mifuko 300 kwa 17,000. Kati ya hiyo, 200 imelipwa papo hapo na 100 amekopesha fundi mwenye mradi. Anafungua droo: imeingia milioni 3.4. Alitoa milioni 6. Anamgeukia kijana wa mauzo: milioni 2.6 zangu ziko wapi? Kijana anaapa kwa jina la mama yake. Polisi wanatajwa.

Hapo ndipo anapoitwa mhasibu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Kila mfuko uliouzwa umeacha faida ya 2,000, mara 300 ni shilingi 600,000. Hakuna aliyeiba. Mifuko 100 iko stoo, thamani yake kwa bei ya kununulia ni milioni 1.5. Fundi anadaiwa milioni 1.7. Jumlisha: milioni 3.2. Ile 2.6 iliyotoka mfukoni imo humo yote, na juu yake imekaa faida ya laki sita. Duka limepata faida, na mwenye duka hana hela ya kununua mzigo mwingine. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Lakini kazi haijaisha, na hapa ndipo kitabu chako cha mazoezi kinapoishia ilhali uhasibu ndiyo unaanza. Je, mifuko 100 iko stoo kweli, au iko kwenye karatasi? Umeihesabu, umeona mingapi imeganda kwa unyevu? Saruji iliyoganda si milioni 1.5 tena. Na yule fundi, mradi wake unaendelea au umesimama? Kama mwenye mradi alikimbia, ile milioni 1.7 ni deni au ni kumbukumbu? Ukiamua kwamba nusu ya deni hailipwi, faida ya laki sita inageuka hasara ya laki mbili na nusu, na mwenye duka, aliyekwisha kuambia mkewe wamepata faida, hataki kukusikia. Unabaki na saini yako na sababu zako. Hiyo ndiyo kazi.

Usidhani ni mambo ya dukani tu. Aprili 2018, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya mwaka wa fedha 2016/17 ilipotoka, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, alijitokeza akisema kati ya mapato yaliyokusanywa na fedha zilizotolewa kutumika kuna pengo la takriban shilingi trilioni 1.5. Nchi nzima ilikesha na namba hiyo. Serikali ilijibu bungeni kupitia Naibu Waziri wa Fedha, Ashatu Kijaji: ndani ya pengo hilo kuna mapato ambayo Serikali inastahili lakini bado hayajaingia, kuna hati fungani na dhamana zilizoiva, kuna fedha zilizokusanywa kwa niaba ya Zanzibar. Na Serikali ilikuwa kwenye kipindi cha kuhamia mfumo wa IPSAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, unaoandika haki na deni hata kabla fedha haijatembea. Sikupangii nani alikuwa sahihi. Nataka uone kwamba swali lilikuwa lilelile la droo na stoo, tofauti ni idadi ya sifuri tu. Kwenye vijiwe vya kahawa watu walibishana wiki nzima juu ya jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili, kama amefundishwa vizuri, ana vifaa vya kulichambua. Wangapi darasani kwenu wanajua hivyo? Hosteli kwenu, siku yenye habari kama hiyo, nani anaulizwa?

Sasa hoja zenyewe.

La kompyuta. Wenzako wana mtu wa kuegemea. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walikadiria uwezekano wa kazi mbalimbali kufanywa na mashine, na wahasibu na wakaguzi wakapewa asilimia 94. Namba hiyo imezunguka dunia nzima. Zaidi ya miaka kumi imepita, mashine zimeingia kweli, na ukaguzi haujafa. Programu ya kwanza ya lahajedwali kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka 1979, na tangu hapo kilichopungua ni ukarani wa kuandika vitabu. Wanaosoma namba na kuzitolea hukumu waliongezeka, kwa sababu namba zikipatikana kwa urahisi kila bosi anaanza kuuliza maswali ambayo zamani asingethubutu kuuliza.

Kwetu angalia mashine za EFD, zile za risiti za kielektroniki, zilizoanza 2010. Mashine inatoa risiti, inapeleka taarifa TRA, haisahau wala haichoki. Lakini haijui kwamba risiti ya vitambaa aliyoileta mkurugenzi ni sare za harusi ya dada yake na si matumizi ya kampuni. Serikalini kuna MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini, malipo yanapita kwenye mfumo hatua kwa hatua. Mfumo unajua kama bajeti ya kifungu ipo, haujui kama barabara iliyolipiwa ipo. Kwa hiyo nikubaliane na wenzako nusu: anayetaka kuwa mhasibu wa kuingiza vocha na kujumlisha, atafute kitu kingine mapema. Kama hicho ndicho unachokipenda kwenye uhasibu, utulivu wa kujaza safu, nakuhurumia kwa dhati, maana ni raha halisi na inaondoka.

La CPA ndilo la kweli kuliko yote, na ndilo linalosemwa vibaya kuliko yote. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na sheria inazuia mtu kujiita mhasibu au mkaguzi kitaaluma bila kusajiliwa. Fungua tangazo lolote la ajira serikalini uone lugha inayotumika. Kuna nafasi ya "Afisa Hesabu Daraja la II" na kuna ya "Mhasibu Daraja la II". Vijana wanaziona ni kitu kimoja, wanaomba zote, halafu wanashangaa. Ya kwanza ni ya mwenye shahada. Ya pili inadai CPA(T), yaani CPA ya Tanzania, juu ya shahada. Mtu anaweza kukaa ofisi ya uhasibu miaka mingi akiwa Afisa Hesabu, anafanya kazi zilezile, anamfundisha kazi kijana aliyekuja juzi na CPA yake, na kijana huyo akamzidi cheo. Nimeona sura za watu hao. Kwa hiyo mwenzako anayesema bila CPA digrii ni karatasi tu amekuza mambo, kwa sababu Afisa Hesabu anakula na watoto wake wanasoma, lakini hajatunga.

Kwamba haifauliki, hapana. Inafauliwa kila Mei na kila Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu haanzii chini kabisa. Anaingia ngazi ya kati, kisha ya mwisho. Wanaoangukia pua wengi nawafahamu kwa mwenendo kuliko kwa akili. Amemaliza chuo, amepumzika mwaka, wa pili anatafuta kazi, wa tatu kazi imepatikana ya kutoka saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku, ndipo anajisajili. Ada anajilipia. Anasoma kwa desa za mtu aliyefanya mtihani wakati kiwango cha kimataifa cha kuandika mapato au ukodishaji kilikuwa hakijabadilika. Na kubwa zaidi, amezoea mtihani wa chuo unaouliza "taja na ueleze", wakati ngazi ya mwisho inakupa kampuni yenye matatizo kurasa mbili na kusema: mwandikie mkurugenzi ripoti. Anajua kukokotoa, hajui kushauri. Ukiuliza hosteli kwenu kwa nini fulani alifeli watasema bodi inabana. Muulize huyo fulani mwenyewe alikuwa anasoma saa ngapi.

Wakenya wana tabia moja napenda mngewaiga. Kule CPA inasimamiwa na bodi ya mitihani ya KASNEB tangu 1969, na mtu anaweza kuianza akitoka sekondari bila kusubiri shahada. Matokeo yake utamkuta mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi mchana yuko darasani, jioni anasoma CPA, na akivaa joho la digrii amebakiza hatua moja au mbili. Huko mtihani wa bodi haujageuka kuwa zimwi la baada ya chuo, ni sehemu ya ujana. Kwetu tumeutenga, tukauacha uote pembe.

Kwako ushauri ni mmoja: usiruhusu miaka ipite kati ya mtihani wa mwisho wa chuo na mtihani wa kwanza wa bodi. Ukaguzi na kodi mtakavyosoma mwaka wa tatu ndivyo vinavyoulizwa huko mbele, na kichwa kikiwa bado cha moto utavikuta ni ndugu.

Mwizi mwenye kalamu. Hili ningependa nilikatae, siwezi. Ukubwani kwangu nimeshika vocha za posho ya safari ya siku kumi, risiti za nyumba ya wageni zote kumi zimeandikwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, na daftari la gari linaonesha gari lilirudi siku ya sita. Vocha ilikuwa na saini ya mhasibu. Na wizi mkubwa hauvunji kufuli, unapita kwenye nyaraka. Ile akaunti ya madeni ya nje, EPA, pale Benki Kuu, malipo ya mwaka 2005/06: zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa kwa kampuni 22, kwa karatasi. Lakini kumbuka pia ziligundulikaje. Ni ukaguzi. Kampuni ya Ernst & Young ilipewa kazi, matokeo yakatangazwa Januari 2008, na gavana akaondolewa. Kalamu iliyoficha na kalamu iliyofichua zilitoka kwenye taaluma moja. Na wakaguzi nao si malaika. Kampuni ya nishati ya Enron ilipoanguka Marekani 2001, mkaguzi wake Arthur Andersen, moja ya kampuni tano kubwa duniani, aliporomoka naye mwaka uliofuata.

Ninachokataa ni ile namna hosteli inavyolisema, kana kwamba uhasibu unamharibu mtu mwema. Mtihani wa uaminifu mhasibu anaupata mapema na mara nyingi kuliko daktari au mwalimu, basi. Siku moja mkubwa ataleta vocha isiyo na viambatanisho, saa kumi na moja jioni, gari linasubiri nje, na atakuita "mwanangu" kwa sauti laini kuliko hii yangu. Hutapewa nafasi ya kwenda kutafakari. Waliosoma nami wamepita hapo kila mmoja kwa njia yake. Kuna waliosaini. Kuna waliohamishwa kwa kutosaini. Taaluma ina bei hiyo, hata juu kabisa: Profesa Mussa Assad alikuwa mwalimu wa uhasibu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa CAG mwaka 2014, mwaka 2019 Bunge liliazimia kutofanya naye kazi, Novemba mwaka huo akatoka ofisini, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Kama unatafuta kazi isiyokugombanisha na mtu, hapo wenzako wanaokwambia ukimbie wanakutakia mema, hata kama sababu wanazotoa siyo.

Wanaotetea kwa mshahara nao niwaguse kidogo. Mshahara wa mhasibu anayeanza si wa kutisha. Kwenye kampuni za ukaguzi msimu wa kufunga hesabu ni wa kukesha, na kijana anaweza kupelekwa Mtwara au Kigoma kuhesabu mizigo kwenye maghala siku ambayo wenzake wako sherehe ya mwaka mpya, kwa sababu mizigo huhesabiwa mwaka unapofungwa. Wanaoingia kwa sababu ya fedha pekee huwa ndio wa kwanza kutoka.

Sasa wewe. Sapu yako haina maana kubwa. Umeirudia ukafaulu, imekwisha. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama ungeniambia ulifaulu kwa kukariri. Ila jiulize ulianguka wapi: kama ulikosa kwa kukokotoa vibaya, mazoezi yanatibu; kama hukuelewa kwa nini deni la mteja ni mali, rudi ukalielewe leo, maana kila kitu kinachofuata kimesimama juu ya hilo. Mfano wa saruji hapo juu ufanye upya bila kutazama, halafu ongeza kwamba fundi amelipa nusu na mifuko 20 imeganda.

Kuhama ukiwa mwaka wa pili ni jambo zito kuliko linavyosikika hosteli. Uwezekano mkubwa utaanza mwaka wa kwanza upya, na kama unasoma kwa mkopo, kaulizie kwanza kwa afisa mikopo wa chuo bumu lako litakuwaje, kabla hujamwambia mtu yeyote. Sikwambii usihame. Nakwambia usihame kabla ya fildi, kwa sababu mpaka sasa ungekuwa unakimbia kitu ambacho hujakutana nacho. Mjomba naye mwache kwanza. Hajakosea wala hajapatia, amekufungulia mlango tu.

Fildi ndiyo itakayokujibu kuliko mimi, mradi usiipoteze. Wanafunzi wengi wanarudi na logbuku iliyojaa "kupanga mafaili" na "kutoa fotokopi", kisha wanasema uhasibu unachosha. Fotokopi inachosha kila mtu. Kwako kuna bahati ya kalenda: mwaka wa fedha wa Serikali unaisha Juni 30, na taasisi zina miezi mitatu kuandaa hesabu na kuzikabidhi kwa CAG, yaani hadi mwisho wa Septemba. Fildi yenu ya Julai hadi Septemba inaangukia katikati ya joto lenyewe. Ukiwa halmashauri, ofisi ya mweka hazina kipindi hicho haina mtu wa kukubembeleza, na ndiyo raha yake.

Omba mambo mawili tu. Kwanza, upewe usuluhishi wa benki wa mwezi mmoja uufanye mwenyewe tangu mwanzo: taarifa ya benki huku, daftari la fedha huku, na wewe katikati ukitafuta kwa nini hazilingani. Utakuta hundi ambayo haijapelekwa benki, makato ambayo hakuna aliyeyaandika, na pengine muamala mmoja ambao ofisi nzima haina maelezo yake. Pili, chagua malipo mamoja yaliyokwisha kufanyika, uyafuate kinyumenyume kutoka kwenye pesa iliyotoka hadi kwa mtu aliyeomba kwanza, ukisoma kila saini njiani. Kama huo muamala usio na maelezo utakunyima usingizi, ukajikuta saa nane usiku unawaza ulikotoka, basi mwanangu uko mahali pako, na hosteli waache wabishane. Kama utauona, ukaandika "haijulikani" na kwenda kula chakula cha mchana kwa amani, njoo tuzungumze kuhusu kuhama. Watu wa aina hiyo wapo wengi, ni wazuri kwenye masoko, rasilimaliwatu na mambo mengine mengi, na hakuna aibu yoyote.

Barua ya kuomba nafasi ipeleke mapema, wengi huchelewa wakaishia kupangiwa popote. Na humo andika waziwazi kwamba unaomba kukaa na wanaoandaa hesabu za mwisho wa mwaka. Usipoandika, watakupeleka masjala.